Jibu: Nimekatwa PAYE (kodi ya mshahara) kupita kiasi, nifanyeje?
Ndugu yangu wa Ngamiani, kabla hujapanda bajaji kwenda TRA (mamlaka ya mapato), itoe slipu yako uiangalie vizuri. Unasema mshahara ni 800,000 na PAYE unakatwa 78,000. Hapo ndipo mchawi alipo: mhasibu amepiga hesabu ya kodi kabla ya kutoa mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Toa kwanza 80,000 ya NSSF, inabaki 720,000, na kodi yake ni 60,000. Yaani 18,000 yako inapotea kila mwezi, hela ya samaki hiyo! Anza na mhasibu, tena kwa maandishi, uambatanishe slipu za miezi yote. Mwajiri ndiye anayepeleka PAYE, kwa hiyo marekebisho yanaanzia kwake. Mimi nilikwenda na maneno matupu, nikazungushwa miezi miwili.