Bakuli kuwa sinki: usiniulize silikoni gani

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Tabata. Nilipata bakuli kubwa la kauri pale Karume, zito, upana sentimita 38 na kina sentimita 14, lina kitako cha duara kama bakuli la uji. Nataka liwe sinki la kunawia mikono kwenye choo cha wageni, likae juu ya meza ya mninga. Fundi wa mtaani kwetu anasema atalitoboa kwa msumari wa zege na nyundo ndogo, taratibu, na likimeguka kidogo silikoni itaziba. Naomba kujua, ninunue silikoni gani isiyovuja?

JIBU: Dada yangu, mwambie huyo fundi aweke nyundo chini kabla hajaligusa bakuli lako. Silikoni unayoitafuta haiuzwi popote, maana hakuna kiwanda kilichotengeneza silikoni ya kuchukua nafasi ya tundu lililotobolewa vibaya.

"Silikoni itaziba." Maneno haya nayakuta karibu kila nyumba ninayoitwa kwenda kurekebisha. Yanaanza kwa fundi, mwenye nyumba anayapokea, na mwisho wake mtu mwenye busara zake ananiuliza rangi na aina ya silikoni badala ya kuniuliza kazi yenyewe inafanywaje. Sikulaumu wewe. Umeambiwa na mtu uliyedhani anajua.

Kauri ni ngumu lakini haipindi hata kidogo. Ukiigonga kwa ncha ya msumari, nguvu inatafuta njia ndani ya ukuta wa bakuli, na unachokiona juu ni sehemu ndogo tu ya kilichotokea. Tundu linaweza kutokea, ukafurahi, ukapiga na picha. Ndani umebaki ufa mwembamba kama unywele ambao haujafika juu. Siku nati inakazwa, au siku mtu anamwaga maji ya moto, ule ufa unatembea mpaka kwenye mdomo wa bakuli. Na hata usipotembea, kingo za tundu zitakuwa zimemeguka vipande vipande, na mpira wa kuzuia maji hauwezi kukaa juu ya kingo za namna hiyo.

Kauri hutobolewa kwa biti ya drili ya duara yenye almasi. Mafundi wa kukata granaiti na vigae wanazo, kwa hiyo kama huyo wa mtaani hana, peleka bakuli kwao. Lakini nunua westi kwanza, kile kikombe cha chuma chenye thredi kinachoshuka chini ya sinki, uende nayo. Westi ya sinki la kunawia ni ya inchi moja na robo, na tundu lake kwa kawaida ni milimita 45 hivi. Usikubali kukadiria kwa macho. Geuza bakuli, pima na nafasi iliyopo ndani ya pete ya kile kitako cha duara: nati ya westi pamoja na washa yake, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, lazima vikae humo bila kugusa kitako, na vidole vya fundi vipate pa kuingia. Sentimita saba za wazi zinatosha. Halafu pima ndani ya bakuli, pale chini kabisa. Panatakiwa pawe bapa kwa upana wa mdomo wa westi. Pakiwa na mbonyeo kama kijiko, mdomo wa westi utagusa pembeni tu na katikati pawe na pengo.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya subira. Bakuli linakalishwa kwenye mchanga uliolowa ili lishikwe kila upande. Kipande cha plaiwudi kilichotobolewa tundu la saizi ileile kinawekwa ndani kuiongoza biti isiteleze mwanzoni. Ile swichi ya drili yenye alama ya nyundo lazima iwe imezimwa, mwendo uwe mdogo, na maji yawepo muda wote, kwa sababu almasi ikipata moto inakufa na kauri ikipata moto inapasuka. Maji hayo yatageuka maziwa mepesi, ni unga wa kauri huo. Fundi asiegemee drili. Milimita mbili za mwisho ndizo zinazovunja mabakuli, maana mtu amechoka anataka kumaliza, anasukuma. Kama fundi wako ana haraka ya kwenda kazi nyingine, mrudishe kesho.

Sasa nije kwenye silikoni.

Maji kwenye sinki yanazuiwa na mpira uliobanwa kati ya sehemu mbili bapa. Washa ya mpira chini, nati inakazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko zaidi, basi. Kwenye mdomo wa juu wa westi unaweza kuweka utepe mwembamba wa silikoni ili maji yasipenye kwenye mikwaruzo midogo, na hapo inafanya kazi yake vizuri. Pia inafaa kulishika bakuli juu ya meza yako, mstari mmoja chini ya kitako. Kazi yake inaishia hapo. Silikoni hushika kwenye kitu kikavu na kisafi, na hukauka polepole kutoka nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Fundi anayejaza donge nene kama ngumi jioni na kukuambia asubuhi utumie, amekuachia donge lililokauka ganda tu, ndani bado bichi. Na anayepaka juu ya kitu kinachovuja tayari anapaka juu ya maji.

Niliwahi kuitwa Sinza, nyumba ya ghorofa, dari ya chini imefanya doa la rangi ya chai. Juu kulikuwa na sinki la bakuli la shaba, jembamba, zuri kweli. Chini yake fundi alikuwa amekaza westi akaona inatiririka, akaongeza silikoni. Ikatiririka, akaongeza tena. Mwenye nyumba alinionyesha machupa matatu matupu. Nilipoingiza ukucha pembeni ya lile donge, lilibanduka lote kwa pamoja kama ganda la yai la kuchemsha, na upande wa ndani ulikuwa unateleza, mweusi, unanuka siki. Ile harufu ya siki ni asidi inayotoka silikoni ya kawaida inapokauka, na kwa shaba inaacha alama za kijani. Kwenye shaba hutumika ile isiyotoa harufu hiyo. Lakini hata ingekuwa hiyo, ingevuja, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwingine kabisa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye westi. Ziko westi za aina mbili dukani na muuzaji mara nyingi hakuulizi. Moja ina vitobo viwili ubavuni, chini kidogo ya mdomo wake. Hivyo vitobo ni vya sinki la kiwandani, lile lenye tundu karibu na ukingo la kupitishia maji ya ziada: maji yale hushuka ndani ya ukuta wa sinki na kuingia kwenye westi kupitia hapo. Bakuli halina njia hiyo. Ukiliwekea westi ya vitobo, maji yanatoka kupitia vitobo hivyo kwenda nje. Kwenye bakuli nene yanajaa kati ya tundu na westi, yanasubiri washa ya chini ichoke. Kwenye bakuli jembamba kama lile la Sinza, vitobo vinatokea chini ya washa kabisa, na kila mtu anayenawa anamwagia dari maji. Nilibadilisha westi. Ya ubavu mzima, isiyo na kitobo. Sikuongeza silikoni hata tone.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo omba westi isiyo na vitobo ubavuni, na pia isiyofungika, yaani isiyo na kizibo. Hili la pili ni kwa ajili ya maji ya mji wetu. Unajua yanavyokatika: mtu anafungua koki, kimya, anaondoka ameiacha wazi. Yanarudi saa nane usiku mmelala. Sinki la kiwandani lina lile tundu la ziada la kumwokoa mwenyewe kidogo. Bakuli lako likiwa limezibwa litajaa, litamwagika juu ya mninga, na mtaamka kwenye bwawa.

Na kwa sababu hiyohiyo ya kukatika, mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa bakuli kwa vidole viwili au zaidi. Usikubali bomba linaloingia ndani ya bakuli. Mgandamizo ukishuka bombani, maji machafu yaliyo ndani ya bakuli yanaweza kufyonzwa kurudi kwenye maji mnayokunywa. Meza iwe ya sentimita 70 hivi, ukiongeza 14 za bakuli utanawa vizuri bila kuinama. Tundu la mezani lipakwe varnishi na kingo zake zote.

Kabla sijafika chini ya meza, wapo walioniuliza juu ya vyombo vingine, niwajibu hapahapa. Sufuria la alumini usilifanye sinki kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za huku pwani zinayatumia. Alumini ikigusana na westi ya shaba ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na inaanzia palepale kwenye tundu. Bakuli la bati lenye enameli likitobolewa enameli inaruka, kutu inaanza. Kioo kilichoimarishwa kwa moto ili kisivunjike ovyo hakitobolewi kwa biti yoyote. Kitalipuka kuwa punje mkononi mwako. Chungu cha udongo, hata kile kizuri cha Wakisi kutoka Ziwa Nyasa, kimechomwa kwa moto mdogo, kinanyonya maji na kitakuwa kinatoka jasho mwaka mzima. Na kama bakuli ni la kale la kutoka kwa bibi, naomba uliache. Wazee wetu waliyajengea mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya nguzo pale Kunduchi, kwa chokaa, bila kuyatoboa. Liweke kabatini, nunua jingine.

Sasa chini ya meza, ambako mafundi wa silikoni wanafanya madhara makubwa kuliko kwenye bakuli.

Kati ya westi na bomba la ukutani lazima pawe na trapu, ile kona inayobaki na maji kila ukimaliza kunawa. Yale maji, kina cha milimita 75, ndiyo mlango kati ya pua yako na shimo la choo. Hayo tu. Fundi wa njia ya mkato anaweka bomba la mikunjo, lile linalovutika kama kodiani, analipinda kwa mkono likae kama herufi S, anaondoka. Baada ya miezi michache limelegea kwa uzito wake, limenyooka, maji hayabaki. Au haweki kitu kabisa, anateremsha bomba moja kwa moja. Harufu inaanza, mende wanapanda, mbu wa shimoni wanapata njia. Fundi anaitwa tena. Anafanya nini? Anapaka silikoni kuzunguka bomba linapoingia ukutani. Harufu haikuwa inatoka hapo! Inatoka juu, kwenye westi, kila mtu anapoinama kunawa uso. Nimekuta ukuta umepakwa silikoni mpaka kwenye vigae vya pili, na familia imezoea kuweka ubani chooni. Nimekuta nyumba ambayo mtoto alikatazwa kutumia choo cha ndani kwa sababu ya harufu, miaka miwili, kwa kukosa kipande cha plastiki kinachofungwa kwa mkono kwa dakika kumi.

Mtu akikuambia silikoni itaziba, mwulize itaziba nini. Mwambie akuonyeshe kwa kidole mahali maji yanapotoka. Kama hawezi kuonyesha, hajui, na anataka kufunika asichokijua kwa pesa yako. Hii ni kwa sinki, kwa beseni la choo linalotikisika, kwa bafu linalovujia jirani wa chini, kwa paa. Nimechoka kubandua silikoni za watu.

Choo chako ni cha wageni, kwa hiyo ongeza hili: trapu isipotumika wiki kadhaa hukauka kwa joto letu. Kila Jumamosi mwaga kikombe cha maji kwenye bakuli hata kama hakuna aliyekuja.

Siku ya kumaliza, kabla meza haijafungwa milango, funika westi kwa kipande bapa cha mpira wa tyubu, jaza bakuli mpaka robo tatu, kisha uondoe ule mpira maji yashuke yote kwa mkupuo. Chukua karatasi kavu ya chooni, ipitishe kwenye kila nati, chini ya washa, kwenye kona ya trapu. Ikilowa popote, kaza robo mzunguko kwa mkono. Ikilowa tena, fungua, utakuta mpira umekaa upande au umeingia mchanga. Weka karatasi nyingine kavu sakafuni chini ya trapu ilale hapo usiku kucha, na salio la fundi mpe asubuhi baada ya kuiona.