Mwani kwenye tangi la samaki: anza na taa

Wewe uliyeanza kufuga samaki sebuleni na sasa unaona vioo vinageuka kijani, usikimbilie dawa ya kuua mwani. Mwani ukifa kwa mkupuo unaoza mumo humo majini. Uozo unakula oksijeni ya samaki na kurudisha mbolea ileile iliyouotesha, na wiki chache baadaye kijani kimerudi.

Mwani unaishi kwa mwanga na mbolea. Mwanga ndio mwepesi kuudhibiti. Huku kwetu Dar es Salaam jua lipo takriban saa 12 kila siku mwaka mzima, kwa hiyo tangi lisikae linapopigwa na jua la dirishani. Likishindikana kuhamishwa, weka pazia zito. Taa yake iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, basi, na iwe kwenye taima. Nyumba nyingi ninazoitwa kusafisha matangi, taa huwashwa na anayeamka wa kwanza na kuzimwa na anayelala wa mwisho. Hapo hata ukisugua kila siku utachoka bure.

Mbolea inatokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Toa kile wanachokimaliza ndani ya dakika 2, na kazi ya kulisha awe nayo mtu mmoja nyumbani, kwa sababu samaki huja juu kuomba hata wakiwa wameshiba. Kila wiki vuta robo ya maji kwa mpira, ukipitisha mdomo wake kwenye changarawe ili uchafu utoke. Maji mapya ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza. Ya kisima yapime naitreti, ambayo ni chakula cha mwani, maana yakiwa nayo nyingi unaongeza mbolea huku ukidhani unasafisha.

Sponji la filta lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiliosha bombani, klorini inaua bakteria wanaoishughulikia amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na hasara hiyo ni kubwa kuliko mwani wowote.

Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya lisikutishe. Hao ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, wanafutika kwa kitambaa na kwa kawaida hupungua wenyewe tangi likikomaa. Maji yakiwa ya kijani kama supu ya mchicha, zima taa, funika tangi kwa blanketi siku 3 au 4, pampu ya hewa ikiendelea kufanya kazi, kisha badilisha maji. Utando wa kijani-bluu unaobanduka kama ngozi na kunuka si mwani, ni bakteria. Uvute kwa mpira na uongeze mzunguko wa maji pale ulipoota. Vidoa vigumu kwenye kioo vikwangue kwa wembe, lakini tangi la plastiki litachubuka. Tumia kadi ya zamani ya benki.

Utaambiwa ununue samaki wa kula mwani. Uliza kwanza atafikia ukubwa gani: pleko wa kawaida anauzwa akiwa sawa na kidole, kisha anapita sentimita 30. Kwa tangi dogo mimi huchagua konokono. Kama unafuga mbuna wa Ziwa Nyasa, hao kwao huchuna mwani kwenye miamba kutwa nzima, kwa hiyo safisha kioo cha mbele tu, mawe na kioo cha nyuma waachie wao.