Basileia: utawala au nchi?

SWALI: Katika somo la Biblia tuliambiwa kuwa neno la Kigiriki linalotafsiriwa "ufalme" halimaanishi nchi hata kidogo, ni mamlaka tu. Mbona basi watu "wanauingia" ufalme? Mamlaka yanaingiwaje?

JIBU: Neno lenyewe ni basileia (βασιλεία), kutoka basileus, yaani mfalme. Mkazo uwe kwenye "lei". Ukiupeleka kwenye "si" umepata neno jingine, la malkia.

Mwalimu wenu amepatia nusu. Maana ya kwanza kweli ni kule kuwa mfalme. Katika Luka 19:12 kabaila anasafiri nchi ya mbali ili apate basileia, kisha arudi. Angekuwa amefuata ardhi, angerudi kufanya nini? Alifuata idhini ya kutawala kule kule alikotoka, kama Arkelao, ambaye baada ya kifo cha baba yake Herode alikwenda Roma kumwomba Kaisari Augusto amthibitishe.

Kosa liko kwenye "hata kidogo". Katika Marko 6:23 Herode Antipa anamwahidi binti aliyecheza hata nusu ya basileia yake, na cheo hakikatwi vipande. Katika Mathayo 4:8 Ibilisi anaonyesha basileia zote za ulimwengu. Hapo Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, ikaandika "milki", na ilichagua vizuri.

Kiswahili kina bahati hapa. Kiambishi u- hubeba hali (utoto, uzee) na hubeba nchi pia (Unyamwezi, Uchaga), hivyo "ufalme" unaibeba basileia pande zote mbili. Ila ukiusema kwa wingi, falme, msikilizaji huona ramani mara moja.

Kujua ni maana ipi, tazama kitenzi kilicho jirani. Ufalme ukikaribia au ukija (Marko 1:15, Mathayo 6:10), soma utawala. Ukigawanywa au ukionyeshwa, soma eneo. Ukiingiwa au ukirithiwa (Marko 10:23, Mathayo 25:34), ni utawala unaosemwa kwa picha ya mahali: mtu anakuwa chini yake na kupata mema yake. Usichukue maana moja ukaipachika kila aya, maana neno hili limo mara zaidi ya 150 katika Agano Jipya.

Aya ya kuwa nayo makini ni Luka 17:21, "umo ndani yenu". Kigiriki ni entos hymon, na "yenu" hiyo ni ya wingi. Wanaoambiwa ni Mafarisayo, wapinzani wa Yesu, waliouliza katika aya ya 20, ndiyo sababu wafasiri wengi huona "kati yenu" inafaa zaidi. Sisi pia tunaona hivyo.

SWALI: Ufalme wa Mungu na ufalme wa mbinguni ni viwili?

JIBU: Hapana. Linganisha Mathayo 13:11 na Marko 4:11: kauli ni ile ile, Mathayo ana mbingu, Marko ana Mungu. Tena katika Mathayo 19:23-24 yote mawili yanafuatana kuhusu tajiri yule yule. Wayahudi walizoea kusema "mbingu" wakimaanisha Mungu. Kinachotupotosha ni -ni yetu: Kigiriki husema basileia ton ouranon, "ufalme wa mbingu", bila kiambishi chochote cha mahali. Hiyo -ni imeingia kwenye tafsiri.