Mwalimu, kuna jamaa anatuuzia kiganja cha chuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Igogo, nabeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, na jioni nafanya mazoezi ya kung fu na wenzangu. Kuna jamaa anasema ana siri ya kiganja cha chuma ya Wadao, wafuasi wa dini ya kale ya China. Unakunywa dawa yake, kisha kila alfajiri unapiga jiwe, na baada ya hapo hata panga halikudhuru. Bei yake imechangamka. Wenzangu wawili wameshaanza, mmoja mkono umemvimba upande wa kidole kidogo. Haya mambo yapo kweli? Na mtu mwenye dini yake akiyafanya, si atakuwa ameingia dini nyingine?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huyo mwenzako mwenye uvimbe aende hospitali leo hii akapigwe picha ya eksirei. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo ndio huvunjika mara nyingi kwa watu wanaopiga vitu vigumu, na ukiunga vibaya kidole kinapinda na nguvu ya kushika inapungua. Kwa mtu anayekula kwa kubeba magunia, hilo si jambo la kusubiri kesho. Nawe pesa yako iache mfukoni.

Kiganja cha chuma kipo. Mwalimu Gu Ruzhang, aliyezaliwa 1894 na kufariki 1952, alikuwa bingwa wa Shaolin ya Kaskazini, mtindo mmoja wa kung fu, na picha yake akivunja rundo la matofali kwa kiganja kitupu bado inatazamwa hadi leo. Ila hakuna aliyeupata mkono wa namna ile kwa kunywa kitu.

Mazoezi yenyewe huanza na choroko. Ndiyo, choroko hizihizi unazozikuta Soko Kuu. Unazijaza kwenye mfuko wa turubai, unaulaza juu ya kigoda imara, unasimama miguu imepanuka na magoti yamekunjwa. Unainua mkono mpaka usawa wa bega, kisha unauachia udondoke. Sikusema piga, nimesema uachie. Bega limelegea, kiwiko kimelegea, pumzi inatoka taratibu mkono unapotua, na uzito wa mkono wenyewe ndio unaofanya kazi. Kwanza kiganja, halafu mgongo wa mkono, ubavu, kitako cha kiganja, na ncha za vidole mwisho tena kwa upole. Mapokeo mengi yanataja siku 100 kwa hatua ya mwanzo. Baadaye choroko hupisha kokoto, na kokoto hupisha vipande vidogo vya chuma. Hakuna hatua ya kupiga matale ya Mwanza! Jiwe halinywei pigo hata kidogo, kishindo chote kinarudi kwenye viungo vyako.

Kwa nini polepole? Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Mzigo ukiongezwa kidogokidogo, mfupa unaimarika. Ukiubamiza kwa pupa, unapasuka kabla haujajijenga. Gegedu za vidole, zile tishu laini zinazofunika ncha za mifupa kwenye viungo, ndizo zinazonitia hofu zaidi, maana zikilika hazioti upya kama ngozi.

Dawa ipo pia, lakini ni ya kuchua. Mitishamba huloweshwa kwenye pombe kali kwa muda mrefu, na ndani yake mara nyingi huwamo ubani na manemane, vitu ambavyo bibi zetu wanavijua vizuri. Mikono inachuliwa kabla na baada ya zoezi. Baadhi ya michanganyiko hiyo ina mizizi yenye sumu inayoweza kusimamisha moyo. Anayekwambia unywe hajui anachouza, au anajua na hakujali.

Sasa hao Wadao. Milima ya Wudang, mkoani Hubei, ina mahekalu yao, na hadithi humtaja Zhang Sanfeng kuwa ndiye mwanzilishi wa mapigano ya ndani, yale ya ulaini. Maandishi ya kumhusisha na sanaa hiyo yanajulikana tangu 1669, wakati yeye anasimuliwa kuwa aliishi karne nyingi kabla, kwa hiyo ichukue kama hadithi. Wala kiganja cha chuma si mali ya Wadao peke yao, kwani hata Shaolin, ambayo ni ya Wabudha, inacho. Kilicho cha Wadao ni ule utulivu: pumzi inayoshuka mpaka chini ya kitovu, mwili usiokakamaa, kutolazimisha. Ukivuta pumzi namna hiyo hujabadili dini, mdogo wangu. Hakuna sala wala sadaka ndani yake. Huyo jamaa akikutaka uchome kitu au utamke maneno usiyoyaelewa, hapo ondoka.

Kuhusu panga, naomba unisikilize vizuri. Mwaka 1900 wapiganaji wa Yihetuan kule China waliamini risasi haziwaingii. Miaka mitano baadaye wazee wetu wa Maji Maji waliamini maji ya Kinjikitile yangewakinga na risasi za Wajerumani. Walikuwa mashujaa, na risasi ziliwaua. Mkono uliozoezwa unavunja tofali, lakini chuma chenye makali kinaukata kama mkono wowote.

SWALI: Mwanangu ana miaka 12, anataka naye kupiga mfuko wa choroko. Nimruhusu? Mama wa Nyakato.

JIBU: Hapana, dada. Ncha za mifupa yake bado zina sehemu laini za kukulia, na zikiumia mkono unaweza kukua umepinda. Ajifunze kusimama, kuanguka na kupumua. Mfuko atausubiri mpaka amalize kurefuka.