DNS ipi ya bure inafaa steshenari ya Moshi?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari karibu na stendi ya mabasi hapa Moshi, kompyuta sita. Watu wanakuja kuomba ajira, mikopo ya chuo na kuangalia matokeo. Kijana mmoja kaniambia nikiweka DNS ya 8.8.8.8 intaneti itakimbia. Mwingine kasema 1.1.1.1 ndiyo yenye kasi kuliko zote. Nifuate ipi? Na je, ipo inayozuia picha za ngono? Jioni wanafunzi ni wengi.

Jibu: Dada, salama, na pole na foleni ya wateja. Vijana hao wamekutajia huduma nzuri zote mbili, ila wamekuahidi kisichowezekana.

Mgeni akishuka hapo stendi akamuuliza bodaboda duka fulani liko wapi, akijibiwa upesi ameokoa muda wa kuuliza tu. Safari iko palepale. DNS ndiyo huyo bodaboda: anapewa jina la tovuti, anarudisha namba ya seva yake. Faili la megabaiti 20 litashuka kwa kasi ileile ya kifurushi unacholipia. Na siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, tovuti ikielemewa na nchi nzima, hakuna DNS itakayokuokoa.

Pale inapoonekana ni mwanzoni, ukurasa unapofunguka, maana ukurasa mmoja wa habari unaweza kuita majina 20 na zaidi. Hata hivyo tofauti ya milisekunde 10 na 40 hutaihisi, kwa kuwa kompyuta hukumbuka majibu kwa muda. Utakachohisi ni swali lililopotea njiani: mashine hukaa sekunde nzima au zaidi ndipo iulize tena, na mteja anaanza kubonyeza kila kitu. Ndiyo maana nikipima DNS, wastani nauangalia baadaye. Kwanza naangalia maswali mangapi hayakujibiwa.

Pima mwenyewe. Ipo programu ya Windows inaitwa DNS Benchmark, ya Gibson Research. Iendeshe hapo dukani, kompyuta ikiwa kwenye waya, asubuhi na tena jioni wateja wakijaa. Majedwali yaliyopimwa Ulaya hayakuhusu. Namba kama 8.8.8.8 si mashine moja. Imewekwa kwenye seva nyingi duniani, na swali lako linakwenda kule njia za mtoa huduma wako zinakoelekea. Mtoa huduma mmoja atakufikisha Dar es Salaam au Nairobi, mwingine akuzungushe hadi Ulaya, na milisekunde 15 zinakuwa 150. Jirani yako mwenye laini ya kampuni nyingine atapata matokeo tofauti kabisa. DNS ya mtoa huduma wako nayo iingize kwenye mashindano, usiidharau; kwa kawaida ndiyo iliyo karibu zaidi nawe.

Sasa jambo ambalo wengi wanalikosa. Kampuni zenye seva sehemu nyingi huamua kukupa seva ipi kwa kuangalia swali la DNS limetokea wapi. Bodaboda akidhani unaishi Johannesburg, atakuelekeza tawi la Johannesburg wakati lipo moja karibu nawe. Google, wenye 8.8.8.8, hupunguza tatizo hili kwa kupeleka mbele sehemu ya anwani yako. Cloudflare, wenye 1.1.1.1, hawafanyi hivyo kwa sababu ya faragha, na 9.9.9.9 ya Quad9 vilevile, ingawa wana 9.9.9.11 inayofanya. Kwa hiyo inawezekana kabisa DNS ikajibu haraka na bado video ikasuasua. Kuhakiki, andika kwenye dirisha la amri *nslookup*, jina la tovuti, kisha namba ya DNS. Halafu *ping* kwa kila anwani utakayopewa. Yenye milisekunde chache ndiyo ya karibu.

Kwa mengine: Quad9, iliyoanza 2017, inazuia tovuti za wezi na virusi na haihifadhi anwani yako. Cloudflare walianza Aprili 2018, Google tangu 2009. Namba zao za kawaida, 1.1.1.1 na 8.8.8.8, hazichuji picha za ngono. AdGuard, 94.140.14.14, inakata matangazo, lakini kwa duka la umma siipendi: ukurasa wa mteja ukigoma, lawama ni zako.

Kwako wewe, wanafunzi ndio wangeamua. Cloudflare wana 1.1.1.3 na mwenzake 1.0.0.3, zinazozuia ngono na virusi. OpenDNS wana 208.67.222.123 na 208.67.220.123 kwa kazi hiyohiyo. Pima jozi hizo mbili, uweke ile isiyopoteza maswali. Na tafadhali sana, usichanganye. Nimeshakuta hapa Arusha duka lenye 1.1.1.3 nafasi ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili, mwenyewe akiamini amewalinda watoto. Kompyuta huruhusiwa kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na kichujio kinavuja. Nafasi zote mbili ziwe za kichujio kimoja.

Ziweke kwenye ruta ili kompyuta zote sita zifuate, na wateja watumie akaunti isiyo na mamlaka ya kubadilisha mipangilio. Kwenye vivinjari zima DNS ya siri (Secure DNS), la sivyo mwanafunzi mjanja atachagua yake humo ndani. Kabla hujagusa chochote, piga picha mipangilio ya sasa ya ruta. Ukishabadilisha, andika *ipconfig /flushdns* kwenye kila kompyuta ili isahau majibu ya zamani, ndipo ujaribu tovuti za ajira na mikopo moja baada ya nyingine kabla wateja wa asubuhi hawajafika.