Foleni ya tiketi mtandaoni: walanguzi wanaipitaje?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Juzi nilitaka kununua tiketi za tamasha mtandaoni. Niliwahi, robo saa kabla ya mauzo kufunguliwa nilikuwa tayari kwenye ukurasa, simu mkononi na kompyuta mbele yangu. Saa ilipofika nikapewa namba ya foleni inayozidi elfu thelathini, na zamu yangu ilipofika viti vilikuwa vimekwisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tovuti za kuuza tena zilikuwa na tiketi za tamasha hilohilo kwa bei mara tatu, na baadhi ziliwekwa huko hata kabla mauzo hayajaanza. Je, walanguzi wanaivunja foleni? Mtu anauzaje tiketi ambayo bado haijatoka? Halafu kuna muuzaji anasema nikimlipa atanitumia picha ya tiketi. Nimlipe? Mimi mwenyewe ni mtu wa kompyuta, kwa hiyo usiniruke kwenye mambo ya kiufundi.

Jibu: Salama, ndugu msomaji. Mifumo ya kuuza tiketi ndiyo kazi yangu ya kila siku, na swali lako la kwanza ndilo linaloniandama kuliko yote. Foleni haivunjwi. Inajazwa.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu ile robo saa: ungewahi hata saa tatu kabla, isingekusaidia. Foleni nyingi za aina hii huanza na chumba cha kusubiri. Wote waliofika kabla ya saa ya kufungua huchanganywa, kisha mfumo huwagawia namba kwa bahati nasibu. Anayeingia baada ya hapo ndiye anayepangwa nyuma kwa kufuata muda aliofika. Namba yako hufungwa ndani ya tokeni, yaani hati ya kidijitali iliyosainiwa na seva (kompyuta ya muuzaji), kwa hiyo kuhariri kuki, lile faili dogo la kumbukumbu kwenye kivinjari, ili 30,000 iwe 30 ni kupoteza muda, seva itaikataa papo hapo.

Mlanguzi anayajua yote hayo na wala hashindani na tokeni. Kama kinachoamua ni bahati, basi yeye hujiongezea bahati. Hufungua vikao maelfu kwa wakati mmoja, kila kimoja kikionekana kama mgeni tofauti wa tovuti na kikitokea kwenye anwani yake ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Anwani hizo hukodiwa kutoka kwenye intaneti za majumbani mwa watu, kwa kuwa zile za vituo vya data hutambulika haraka. Kila kikao kina akaunti yake, namba yake ya simu na kadi pepe yake ya benki. Akaunti zenyewe hutunzwa kwa muda mrefu zipate historia, ili siku ya mauzo zisionekane zimezaliwa asubuhi hiyo. Mfumo unaona watu elfu tano wa kawaida, kumbe ni mtu mmoja. Kati ya namba hizo elfu tano, kadhaa zitaangukia mbele. Hizo anazitumia, nyingine anazitupa. Wewe ulikuwa na vifaa viwili.

Akishapita foleni, kasi ndiyo inayoamua. Binadamu hutazama ramani ya ukumbi, humuuliza mwenzake, hutafuta kadi. Programu hutuma ombi la viti moja kwa moja kwa seva bila hata kuchora ukurasa, na kapcha, lile fumbo la kuthibitisha kwamba wewe si programu, ikitokea hupelekewa mtu anayelipwa kuitatua au programu nyingine iliyofunzwa kuisoma. Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafikisha mahakamani wakuu wa kampuni ya Wiseguy Tickets kwa kununua tiketi zaidi ya milioni 1 kwa kuzipita kapcha, na wakakiri. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, kwenye ripoti yake ya mwaka 2016, alieleza jinsi roboti, yaani programu ya aina hiyo, ya mlanguzi mmoja ilivyonunua tiketi 1,012 za onyesho moja la bendi ya U2 kwa dakika moja, Desemba 2014. Muuzaji alikuwa ameweka kikomo cha tiketi nne kwa mnunuzi.

Basi ukomo kwa kila mnunuzi hauna maana mpaka ujue mnunuzi ni nani. Ndiyo sababu wauzaji wakaanza kuwasajili mashabiki mapema na kuwapa wachache misimbo ya kuingilia. Njia hiyo nayo ikashambuliwa. Mauzo ya awali ya ziara ya Taylor Swift, Novemba 2022, yalizipa seva za Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi, maombi bilioni 3.5. Mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani mwaka uliofuata, kampuni mama ya Ticketmaster ilisema roboti zililenga mpaka seva zinazohakiki misimbo hiyo. Tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa siku moja, na bado mauzo ya umma yakafutwa.

Lakini mimi siibebeshi roboti lawama yote, na hapa najua baadhi ya wenzangu kazini watanuna. Ulidhani unagombea ukumbi mzima. Hukuwa unagombea ukumbi mzima. Ripoti hiyohiyo ya New York ilikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 16 ya tiketi zilitengwa kwa ajili ya msanii, promota, ukumbi na watu wao, na asilimia 38 ziliuzwa kwenye mauzo ya awali, kwa mfano kwa wenye kadi za benki fulani. Umma uliachiwa asilimia 46. Foleni haikuambii hilo. Inakuonyesha namba yako tu, wala haisemi nyuma ya mlango kuna viti vingapi. Ningekuwa mtunga sheria, ningeanzia hapo: kila muuzaji atangaze idadi halisi ya tiketi zinazouzwa siku hiyo. Marekani ilipiga marufuku roboti za tiketi Desemba 2016, lakini kesi za kwanza chini ya sheria hiyo zilikuja Januari 2021. Walanguzi watatu walitozwa zaidi ya dola milioni 31, zikapunguzwa hadi milioni 3.7 kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kulipa zote.

Sasa zile tiketi zilizotangulia mauzo. Hazikuwepo. Muuzaji huweka tangazo la eneo fulani la ukumbi kwa bei ya juu, anapokea oda yako, kisha ndipo anakwenda kuitafuta tiketi. Akiipata kwa bei ya chini, tofauti ni yake. Akiikosa, oda inafutwa na wewe unarudishiwa fedha siku chache kabla ya tamasha, pengine ukiwa umeshalipia usafiri na malazi. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe tupu. Dalili zake utaziona ukitazama tangazo kwa makini: limetaja eneo bila safu wala namba ya kiti, na tarehe ya kukabidhi tiketi ni karibu kabisa na siku ya onyesho. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza tena aonyeshe kiti na bei ya awali, yaani ile iliyoandikwa kwenye tiketi, na moja ya sababu ni hii.

Kinachomlisha mlanguzi ni pengo kati ya bei iliyoandikwa na bei ambayo watu wako tayari kulipa. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kupandisha bei yenyewe, kama mashabiki wa bendi ya Oasis walivyoona Agosti 2024, tiketi za kusimama za pauni 150 hivi zilipofikia 355. Mlanguzi anapunguziwa faida, shabiki anaumia vilevile. Ireland ilichagua njia nyingine: sheria ya mwaka 2021 inakataza kuuza tena juu ya bei ya awali kwa matamasha ya kumbi kubwa. Mimi napendelea ya pili. Bendi ya The Cure walijaribu kitu cha namna hiyo mwaka 2023, wakauza baadhi ya tiketi kwa dola 20 na kuzuia zisihamishwe, isipokuwa New York, Illinois na Colorado, ambako sheria inalinda haki ya kuhamisha tiketi.

Kama bado unalitaka tamasha hilo, usinunue wiki hii ambapo kila mtu anazigombania tiketi. Jukwaa likishajengwa na mafundi wakaona ni viti vipi havizibwi na vifaa, baadhi ya zile tiketi zilizotengwa hurudishwa sokoni, mara nyingi siku za mwisho, bila tangazo lolote. Fungua ukurasa rasmi asubuhi na jioni. Angalia pia kama muuzaji rasmi ana sehemu ya kuuziana tena kwa bei ya awali. Na mlanguzi mwenyewe ana presha: tiketi isiyouzwa kabla taa hazijazimwa ukumbini haina thamani tena.

Kuhusu yule anayetaka kukutumia picha, usimlipe. Matamasha makubwa mengi sasa hutumia msimbo unaojibadilisha kila baada ya sekunde 15 hivi. Simu hupewa ufunguo wa siri mara moja, kisha huukokotoa pamoja na saa, kama programu za namba za siri za mara moja zinavyofanya, na mashine ya mlangoni hufanya hesabu ileile. Picha inakuwa imepitwa na wakati kabla hujaifungua. Hata kama tamasha lako bado linatumia msimbo usiobadilika, picha hiyohiyo anaweza kuiuza kwa watu kumi, na atakayeingia ni yule wa kwanza kufika mlangoni. Mwambie aihamishie tiketi kwenye akaunti yako ndani ya mfumo rasmi, na ulipe kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako. Akianza kukupa jina lake la kuingilia na nywila badala ya kuhamisha, mwache: nywila hiyo anaweza kuibadilisha ukiwa njiani kwenda ukumbini.