Jibu: Mleta uzi, hilo kabati la mtumba USILILIPIE

Mkuu, usitume hata senti. Hilo kabati ulilopiga picha ni la upepo wa mlalo, aina ile ile niliyoipigia debe mimi kazini, na kazi yake ni kukupulizia dawa usoni. Umeuliza kama linafaa kuchanganyia dawa za saratani kwa kuwa "lina HEPA na bei imeshuka" (HEPA ni kichujio cha hewa kinachokamata chembe ndogo sana), halafu ukauliza na glavu. Tuanze na kabati, glavu tutazifikia.

"Lina HEPA" ndilo neno nililouziwa na mimi. Jamaa kaja Tanga na basi la asubuhi, shati limenyooka, kila swali anajibu "hakuna shida, hata Ulaya wanatumia haya haya". Mji wetu wenyewe tunausema waja leo waondoka leo. Basi huyu alikuja leo, akabeba hundi, na kweli akaondoka leo. Simu yake haipatikani hadi hivi ninavyoandika. Na aliyesimama mbele ya kamati ya manunuzi kulitetea kabati ni mimi, nikamwaga utaalamu mpaka mhasibu akasaini ili tu nikae chini.

Sasa elewa linavyofanya kazi. Kabati la upepo wa mlalo linavuta hewa, linaichuja, kisha linaisukuma kutoka ukuta wa nyuma, inapita juu ya dawa, inaishia kifuani na usoni kwako. Hewa ni safi kweli, ndiyo maana dripu zisizo na sumu zinaandaliwa humo bila kuingia vijidudu. Linailinda dawa. Wewe mchanganyaji umekaa mbele ya feni inayopuliza sumu.

Mimi nilikuja kustuka kwa sababu ya doksorubisini, ile dawa ya saratani nyekundu. Unajua mwenyewe, ukisukuma hewa nyingi ndani ya kichupa presha inapanda, ukichomoa sindano kinatema: tsss. Siku hiyo navua koti jeupe, nakuta nukta nyekundu kuanzia kola mpaka kifungo cha pili, ndogondogo, za ncha ya kalamu. Nyingine kwenye miwani. Nyingine kwenye maski ya upasuaji ambayo nilikuwa naringa nayo, kumbe haikingi mvuke wala chembe ndogo za dawa. Msaidizi wangu akaniuliza nimekula ubuyu wa nani. Tukacheka. Halafu akili ikanijia kwamba saiklofosfamaidi, nayo dawa ya saratani, haina rangi, na nyingine kibao hazina rangi. Hizo zimenirukia mara ngapi? Hakuna koti la kunionyesha.

Kinachonichoma ni kwamba haya si mambo mapya. Finland mwaka 1979 walipima mkojo wa wauguzi wanaoshika dawa hizi wakakuta dalili za vitu vinavyoharibu vinasaba. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakuta hivyo hivyo kwa wafamasia waliochanganyia kwenye makabati ya mlalo, na walipohamia ya upepo wa wima, yanayoshusha hewa kutoka juu, dalili zikashuka. Yule muuzaji hata ndevu alikuwa hajaota!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: TISHU. Kabati liwashwe, chana kipande chembamba cha tishu, kishike kwenye mlango wa kabati, pale mikono inapoingilia. Kikipepea kuja kwako, ondoka. Kikivutwa ndani, ndiyo sasa uulize hewa inatokea wapi, maana HEPA inakamata chembe, mvuke inauachia. Unataka lenye bomba la kutoa hewa nje ya jengo, si la kuirudisha chumbani. Na hata ukipata lililo sahihi, madirisha yafungwe na feni izimwe. Najua joto la Tanga, lakini upepo wa pembeni unavuruga ile hewa inayokukinga.

Fundi mmoja alinishauri niweke kioo mbele ya lile la mlalo. Hewa ikagonga kioo ikageukia kwa msaidizi. Ushauri wa bure huo, na thamani yake ndiyo hiyo.

Kama hela ya kabati sahihi haipo, msichanganye hapo. Dawa ziandaliwe kwenye kituo chenye nalo zije tayari. Bosi akinuna, anune.

Glavu: jozi mbili, za naitraili (mpira wa kutengenezwa kiwandani) zisizo na poda, badilisha kila dakika 30 au zikichanika tu. Spiriti haiondoi sumu ya dawa hizi, inazisambaza mezani. Gauni lifungwe kwa nyuma, mikono mirefu.

Halafu hilo kabati usilikague kwa picha. Nenda, liwashwe mbele yako, tishu mkononi. Muuzaji akikwambia leo umeme umekatika, panda bajaji urudi na hela yako.